Vazi la Ukurasa na Mwili wa Lugha

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

MANENO YA KUJUA KABLA YA KUSIKILIZA

Ngeli: kundi la majina yanayotawala maneno mengine kwa namna moja, kama vile kiti, kisu na kikapu.
Shina: sehemu ya neno inayobaki viungo vyake vikiondolewa, kama -pik- katika neno anapika.
Kiambishi: kipande kinachobandikwa mbele au nyuma ya shina.
Kivinjari: programu ya simu au kompyuta inayotufungulia kurasa za intaneti.
CSS: jina la kifupi la lugha ya maagizo yanayokiambia kivinjari ukurasa uonekane namna gani. Husomwa herufi moja moja.

MAZUNGUMZO

 Natumaini kila mtu amekwisha kaa na daftari zimefunguliwa. Leo nitasema nanyi juu ya mambo mawili ambayo mtu hangedhani kuwa yanajuana. La kwanza ni jinsi kurasa za intaneti zinavyovikwa mapambo yake. La pili ni jinsi lugha yetu ya Kiswahili ilivyochongwa.

Labda mmoja wenu atasema, "Sisi ndio kwanza tunajifunza kusoma. Mambo ya kompyuta yatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, na majibu yangu ni mawili. Kwanza, matangazo mengi ya shule, ya zahanati na ya bei za mazao siku hizi husomwa katika simu, na namna yalivyopambwa yaweza kumsaidia msomaji au kumpoteza. Pili, kanuni kubwa inayoendesha mapambo hayo mnaijua tangu utoto, ila hamjaambiwa. Mtu asemaye "kiti changu kimevunjika" ameitumia kanuni hiyo kabla hajawahi kushika kalamu.

MWILI NA VAZI

Ukurasa wa intaneti una sehemu mbili. Sehemu moja ni mwili, yaani maneno yenyewe pamoja na alama zinazosema kila kipande ni nini: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni orodha. Alama hizo huandikwa kwa lugha iitwayo HTML. Sehemu nyingine ni vazi: herufi ziwe kubwa au ndogo, ziwe nyeusi au za kijani, kichwa kikae katikati au pembeni, aya na aya ziachane kwa nafasi gani. Kazi ya vazi ni ya CSS.

Hapo mwanzo sehemu hizi hazikutengwa vizuri. Mwingereza Tim Berners-Lee alitoa shauri la mtandao wa kurasa mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Kurasa zilipoenea, watu walitaka ziwe na mapambo, wakawa wanaandika mapambo katikati ya maneno yenyewe: hapa weka nyekundu, pale ongeza ukubwa. Mtu mwenye vichwa vya habari 100 aliandika agizo lile lile mara 100. Akitaka nyekundu igeuke kijani, ilimlazimu kuzunguka pote 100. Akisahau kimoja, hicho hubaki peke yake kama mtoto aliyekuja shule bila sare.

Tarehe 10 Oktoba 1994, Håkon Wium Lie, mtu wa Norway aliyekuwa akifanya kazi huko huko CERN, alitoa shauri jipya: maagizo yote ya mapambo yawekwe mahali pamoja, mbali na maneno. Mholanzi Bert Bos akashirikiana naye. Tarehe 17 Desemba 1996 toleo la kwanza la CSS lilipitishwa kuwa kanuni na W3C, shirika linaloweka kanuni za mtandao wa kurasa.

Faida yake tuione kwa mfano wa shule. Mwalimu mkuu anaweza kumwita mtoto mmoja mmoja na kumwambia, "Wewe vaa sweta la kijani." Watoto wakiwa 300, atakesha. Lakini akibandika karatasi moja mlangoni, "Wanafunzi wote wa darasa la tatu wavae sweta la kijani," kazi imekwisha. Hata mtoto atakayeandikishwa mwezi ujao amekwisha agizwa, ingawa hakuwapo karatasi ilipobandikwa. Agizo la CSS limejengwa hivyo hivyo, nalo lina sehemu tatu: nani anaambiwa, juu ya jambo gani, na jambo hilo liwe vipi. Kwa Kiswahili tungeandika: "Vichwa vyote vya habari: rangi, kijani." Maneno yanayotumika katika agizo lenyewe ni ya Kiingereza, lakini mpangilio wake hauna zaidi ya hayo.

KUNDI MOJA, SHERIA MOJA

Sasa turudi katika lugha yetu. Sikilizeni maneno haya, kisha mwalimu ayaandike ubaoni:

Viti vyangu vile vitatu vizuri vimevunjika.

Je, ni nani aliyeyaagiza maneno yote haya yavae vi- na vy-? Si maneno yenyewe. Neno -zuri halina vi- yake, wala neno -tatu halina. Agizo limetoka katika jina moja, viti, kwa sababu jina hilo lina kundi lake. Kundi likitajwa, kila neno linaloandamana nalo hupokea sare. Badili jina, na msafara mzima utabadili nguo: miti yangu ile mitatu mizuri imevunjika. Hakuna aliyetufundisha agizo la kila jina peke yake. Tulijifunza sheria ya kundi, nayo ikatutosha kwa maelfu ya majina.

Mtaalamu Mjerumani Wilhelm Bleek, katika kitabu cha sarufi ya kulinganisha lugha za kusini mwa Afrika, kilichotoka kwa sehemu mbili mwaka 1862 na 1869, aliyapanga makundi haya na kuyapa namba. Sisi huyaita ngeli. Waandishi wa Kiingereza huyaita kwa neno lile lile wanaloliita darasa la shule. Wale waliotunga CSS nao walitumia neno hilo hilo kwa makundi ya vipande vya ukurasa. Hivyo mtengeneza ukurasa anaposema, "Vipande vyote vya kundi hili viwe na mstari chini," anafanya kazi ambayo bibi zetu waliifanya kwa ulimi, wakisuka mkeka.

Sheria ya kundi hupokea hata mgeni. Neno kitabu tulilipata kwa Waarabu, na kwao ile ki si kiambishi, ni sehemu ya neno lenyewe. Waswahili waliposikia ki, walilipeleka neno hilo katika kundi la kiti, wakasema vitabu. Huko Tanzania madereva walichukua maneno mawili ya Kiingereza yaliyokuwa yakiwaagiza washike kushoto, wakapata neno kiplefti, yaani ule mzunguko wa barabarani. Vikiwa viwili, huitwa viplefti. Mgeni ameingia mlangoni, amekuta karatasi ya sare, akavaa.

SHERIA PANA NA SHERIA FINYU

Lakini ninyi mtauliza: sheria mbili zikigongana, ipi itashinda? CSS ina jibu. Sheria inayotaja wachache kwa usahihi zaidi huishinda sheria inayotaja wengi kwa jumla. Ikiwa sheria moja yasema, "Aya zote ziwe nyeusi," na nyingine yasema, "Aya za kundi la onyo ziwe nyekundu," basi aya ya onyo itakuwa nyekundu. Zikilingana uzito, hushinda ile iliyoandikwa mwisho.

Kiswahili kina desturi kama hiyo. Sheria pana yasema kwamba jina lianzalo na ki- huongoza maneno kwa ki-: kiti kizuri kimefika. Lakini tukimpokea kiongozi hatusemi "kiongozi kizuri kimefika." Twasema kiongozi mzuri amefika. Kwa nini? Kwa sababu kuna sheria finyu zaidi, isemayo kwamba viumbe vyenye uhai huenda na kundi la mtu, hata majina yao yaanze na ki-. Ndiyo maana kifaru amelala, wala hakijalala.

Twaweza kushuka hatua moja tena. Tazameni neno rafiki. Ana uhai, kwa hiyo twasema rafiki mwema amefika. Lakini tukitaja mwenyewe, wengi wetu husema rafiki yangu, si rafiki wangu. Na wingi wake, rafiki zangu. Ndugu na jamaa wana sheria yao ndani ya sheria ya viumbe: ndugu yangu, baba yangu, shangazi yangu. Katika maneno matatu tu, rafiki yangu amefika, sheria mbili zimekaa pamoja bila kugombana, kwa sababu kila moja inajua mipaka yake. Mtoto wa miaka minne hulisema hilo bila kufikiri. Aliyetunga kanuni za kurasa ilimpasa kuliandika kwa maneno mengi.

Na kosa likitokea? Kivinjari kikikuta agizo kisilolielewa, hulipita, kikaendelea na mengine. Hakifungi ukurasa wote kwa sababu ya kosa moja. Nasi hufanya hivyo. Katika miji mingi ya bara utasikia mtu akisema "kitabu yangu imepotea." Msikilizaji wa pwani atajua kwamba sare si yake, lakini hatamnyima msaada wa kukitafuta. Katika barua na katika mtihani tutasahihisha, ila kwanza tutamsaidia mwenye kitabu.

HAPA NDIPO MFANO UNAPOKOMA

Ndugu wanafunzi, mfano ukivutwa mno hukatika, na hapa ndipo pa kuangalia sana.

Mwaka 2003, Mkanada Dave Shea alifungua tovuti iitwayo CSS Zen Garden. Aliweka ukurasa mmoja wa maneno, akawaalika watengeneza kurasa wauvike mavazi ya kila namna, kwa sharti kwamba mwili usiguswe. Watu walileta mavazi mengi. Moja hufanya ukurasa ufanane na bustani, jingine na gazeti, jingine na bango la sinema. Kumbe maneno ni yale yale. Tena kuna desturi iliyoanza mwaka 2006, ambayo siku hizi hufanywa tarehe 9 Aprili: wenye tovuti kadhaa huzivua kurasa zao mavazi yote kwa siku moja. Mapambo huondoka, yakabaki maneno meupe yaliyopangwa kutoka juu hadi chini. Ukurasa uliojengwa vizuri bado husomeka siku hiyo. Hauna uzuri wake, lakini akili zake zimo.

Sasa jaribuni kukivua Kiswahili. Chukueni viti vyangu vizuri vimevunjika, mkavue viambishi vya ngeli. Mtabaki na ti, angu, zuri, mevunjika. Hayo si maneno ya mtu. Chukueni tena neno mtu. Ondoeni m-, mbaki na -tu. Bandikeni ki-, mpate kitu. Bandikeni ji-, mpate jitu la hadithi. Bandikeni u-, mpate utu, ambao ndio unaomtenganisha mtu na kitu. Herufi moja imefanya tofauti kubwa kama hiyo. Je, hilo ni vazi? Vazi la mtu halimgeuzi kuwa kiti.

Kwa hiyo lugha haifanani na mtu aliyevaa. Inafanana zaidi na kinyago. Mafundi wa Kimakonde, wa kusini mwa Tanzania na wa kaskazini mwa Msumbiji, huchonga mpingo, mti mgumu wenye moyo mweusi, mzito hata huzama majini. Wana mchongo uitwao ujamaa: watu wengi wamepandana na kushikana, huyu kambeba yule, yule kamshika mwingine, na wote wametoka katika gogo moja. Hakuna gundi wala msumari. Umbo halikuvishwa juu ya mti. Umbo ndio mti wenyewe. Ukitaka kumwondoa mmoja aliye katikati, hapana budi uwavunje walio juu yake.

Tazameni kitenzi chetu kimoja: hawakumpikia. Ndani yake mna ha- ya kukana, wa- ya watendaji, -ku- ya wakati uliopita, -m- ya yule aliyengoja chakula, shina -pik-, na -ia ya kuonyesha kwamba kupika kulikuwa kwa ajili yake. Sasa tufanye jambo dogo. Tuhamishe wa na m, kila kimoja kikae mahali pa mwenzake: hamkuwapikia. Vipande ni vile vile, hata kimoja hakikuongezwa. Lakini lawama imehama. Kwanza walaumiwa ni wao, na aliyelala njaa ni mmoja. Sasa walaumiwa ni ninyi, na waliolala njaa ni wengi. Fundi hakubadili mti. Amebadili mahali patasi ilipopita.

LENYE HATARI

Tofauti hii ya vazi na mchongo si ya wataalamu tu. Tuseme zahanati imetoa tangazo kwenye simu: majina ya watoto 40 waliochanjwa, na chini yake maneno, "Walioandikwa kwa rangi nyekundu warudi Jumatatu." Mama mmoja analisoma. Macho yake hayatenganishi nyekundu na kijani. Mama wa pili amelichapisha dukani kwa wino mweusi mtupu. Baba wa tatu haoni kabisa. Simu yake humsomea maneno kwa sauti, nayo haikuambiwa kusoma rangi. Watu watatu wamelipata tangazo, na hakuna aliyejua kama mtoto wake ni wa kurudi. Maneno hayakukosewa hata herufi moja. Kosa ni kwamba jambo lililostahili kuwa mfupa limefanywa nguo, na nguo ikavuka njiani.

Ndiyo maana kanuni za W3C za kuwafikia wasomaji wote, katika toleo la mwaka 2008, zilisema kwamba rangi isiwe njia ya pekee ya kuonyesha maana. Zilitaka pia herufi za kawaida zitofautiane na nyuma yake kwa mwanga usiopungua 4.5 kwa 1, ili maandishi yasififie machoni pa mzee. Na msomaji naye hakusahauliwa. Tangu shauri la mwaka 1994 ilikusudiwa kwamba mwandishi na msomaji wote wawili wawe na sauti juu ya sura ya ukurasa. Hata leo mwenye macho dhaifu aweza kuiambia simu yake ikuze herufi. Mwandishi ametoa vazi. Mpokeaji ana haki ya kulipanua likamfaa.

Dawa ya tangazo lile ni nyepesi: mbele ya kila jina linalohusika liandikwe neno ARUDI. Kisha, ukipenda, litie rangi nyekundu pia. Rangi itawaharakisha wanaoiona, na neno litawahifadhi wasioiona. Tena tazameni: neno arudi lina a- yake, ya mtu mmoja. Lugha imekwisha mtaja mtoto, hata kabla rangi haijafika.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Siwaambii mdharau uzuri. Ukurasa mchafu huchosha, na mwandiko mbaya humkimbiza msomaji. Nasema kila kitu kiwekwe mahali pake. Unapoandika barua ya kudai haki yako ya shamba, usitegemee wino mwekundu wala mistari minne chini ya neno. Hakikisha kwanza kwamba umetaja nani, alifanya nini, kwa nani, na lini. Angalia viambishi vyako: aliniuzia si sawa na nilimuuzia, na mbele ya baraza tofauti hiyo yaweza kuwa ekari mbili. Mwili ukisimama, livike barua yako vazi safi, uipeleke.

Ninyi mnaojifunza kusoma ukubwani msifikiri kwamba mnaanza na mikono mitupu. Sheria za makundi, sheria pana na finyu, mpangilio wa vipande ndani ya neno, yote haya mmekuja nayo darasani vichwani mwenu. Mtu akiwaambia kwamba kazi ya kompyuta ni ya watu wengine, mwulizeni kwa nini kifaru amelala na kiti kimelala. Akifikiri jibu, ataona kwamba somo hilo mmekwisha lianza.

 Sasa nawaacha mikononi mwa walimu wenu. Kwaherini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Andikeni sentensi "Kikapu changu kikubwa kimepotea" kwa wingi. Ni maneno mangapi yamebadilika, na ni jina lipi lililotoa agizo?

2. Semeni majina matatu ya viumbe yaanzayo na ki-. Tungeni sentensi moja kwa kila jina, mwangalie ni sheria ipi iliyoshinda.

3. Mmoja aseme hawakumpikia, mwingine aseme hamkuwapikia. Elezeni nani alikosa chakula katika kila neno. Kisha fanyeni hivyo kwa kitenzi andika.

4. Kila mtu alete tangazo moja, la karatasi au la simu. Je, mkiondoa rangi na ukubwa wa herufi, maana inabaki? Kama haibaki, liandikeni upya.

5. Mwalimu asome barua fupi ya madai kwa sauti, bila kuionyesha. Wanafunzi waseme: nani, nini, kwa nani, lini. Kisichosikika kiongezwe kwa maneno.